Yowe Tulilopiga Kwenye Grupu la Ukoo

Jumapili, Bweri. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza na imekatika saa tisa hivi. Bodaboda wameanza kupita tena barabara ya kwetu, wanakwepa madimbwi kama watoto wanaocheza rede. Nimevua viatu vya kanisani, nimeweka miguu juu ya stuli, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa nina utulivu wa kukaa na kuandika hapa.

Nina jambo la kuungama. Padri nilishamwambia, lakini padri hasomi blogu.

Mimi ni mshauri nasaha. Kazi yangu hapa Musoma mjini ni kukaa kwenye chumba chenye viti viwili na feni mbovu, nikisikiliza watu. Mara mbili tatu kwa mwaka naalikwa mashuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu kuchekwa na kudhalilishwa mitandaoni. Maneno yangu nayajua kwa moyo. Usinyamaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Wanafunzi wanapiga makofi, mwalimu ananishukuru, napewa soda, narudi nyumbani nikijiona wa maana.

Mwezi wa tisa mtoto mmoja alifanya hivyohivyo. Alimwambia mtu mzima aliyemwamini. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Na nikamwangusha.

Nyangeta ni binti wa kaka yangu Mafuru. Wanaishi Bunda, na mtoto anasoma kidato cha tatu hukohuko. Ana miaka kumi na saba, ameshampita mama yake kwa urefu, na tangu akiwa mdogo ndiye tunayempa Biblia asome kwa sauti tukikutana nyumbani. Kwenye mahafali ya kidato cha nne alichaguliwa kusoma risala ya wanafunzi wanaobaki. Zilikuwa karatasi mbili, ameziandika mwenyewe kwa mkono. Alipomaliza ya kwanza upepo ukaichukua ya pili, ikapita juu ya meza ya mgeni rasmi, ikaenda zake. Mwingine angecheka na kushuka jukwaani. Nyangeta akajaribu kuendelea kwa kichwa. Akasema, "Sisi wadogo zenu," akanyamaza. Akarudia. Mara ya tatu sauti ikakatika, akalia mbele ya wazazi wote na kipaza sauti kikiwa wazi.

Kuna mtu alirekodi. Kesho yake ile video ilikuwa kwenye simu za nusu ya Bunda. Siku ya tatu sura yake ikakatwa na kufanywa stika: machozi, mdomo wazi, na chini yake "Sisi wadogo zenu" kwa herufi za njano. Zilitengenezwa kumi na moja. Mtu akiishiwa bando, anatuma stika. Timu ikifungwa, stika. Vijana wa kijiweni wakimwona anapita wanamwimbia maneno hayo matatu.

Akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Mama yake akampeleka kupima malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Kaka akawaza yale ambayo baba wa binti huwaza, akamnunia mke wake wiki nzima bila kusema kwa nini. Hakuna aliyemuuliza mtoto zaidi ya "unaumwa wapi?" Mwishowe akaacha kabisa kwenda shule, wakamleta kwangu Ijumaa jioni apumzike kidogo.

Jumamosi tulikaa barazani tukichambua dagaa. Mikono ikiwa na kazi mdomo hulegea, hilo nalijua kikazi. Akaniambia. Akanipa simu nione. Nilipata hasira mpaka masikio yakawa ya moto, lakini nikajizuia nikamsikiliza mpaka mwisho. Sehemu hiyo niliifanya vizuri, acha nijipe haki yangu. Akaniomba jambo moja tu. Baba aambiwe, sawa, ila kwa maneno, na yeye mwenyewe akiwepo. Asionyeshwe video. Nikamwahidi. Jumapili akarudi kwao Bunda.

Jumatatu nikamtumia kaka video na stika zote.

Naweza kueleza ilivyokuwa. Nilimpigia simu kumwandaa tu, nikamwambia mtoto anachekwa na wenzake, akanijibu kwamba watoto hutaniana, hata sisi tulitaniwa tukakua. Hasira ya Jumamosi ikarudi. Nikataka aone. Nikaandika "Ona mwenyewe basi," nikabonyeza. Miaka kumi na minne ya kazi hii, nikashindwa na sekunde mbili.

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, inabidi nifafanue kilichofuata. Wazee wetu ni wafugaji. Ng'ombe akiibwa, mtu hapeleki habari kwa jirani mmoja kimyakimya. Anapiga yowe, na kila anayelisikia anatoka na alichonacho mkononi, hata kama yuko katikati ya ugali. Usipotoka, siku yako ikifika utapiga yowe peke yako. Kaka ana miaka ishirini Bunda mjini akiuza vifaa vya ujenzi, lakini malezi ni yaleyale. Alipoiona ile video hakunipigia wala hakumwita mtoto. Alipiga yowe. Aliituma pamoja na stika zake kumi na moja kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, watu mia moja na arobaini, toka Tarime hadi Dar, akaandika: "Ndugu zangu, tokeni muone wanachomfanyia mtoto wetu."

Ukoo ukatoka. Zikaja pole, zikaja laana, ikaja mistari ya Biblia, akaja mjomba mwenye rafiki polisi. Kila mmoja alifungua video ile akaitazama, ili awe na hakika ya hasira yake. Ng'ombe aliyeibwa, macho yakiwa mengi ndivyo anavyopatikana. Picha ya aibu ni kinyume chake, kila jicho jipya ni aibu mpya. Hatukuliona hilo, sisi wote na akili zetu, kwa sababu tulikuwa tunampenda.

Alhamisi binamu yetu wa Tarime akafiwa na mama mkwe. Baba mdogo Manyama, mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, na simu ya kisasa amenunuliwa mwaka huu. Alikuwa ameona kwenye simu yake sura ndogo inayolia. Akaona inafaa kwa msiba. Akatuma stika ya Nyangeta kutoa pole, na baada yake wakafuata wengine sita kwa heshima, wakidhani mzee ameonyesha njia.

Nyangeta yumo kwenye grupu hilo.

Alizima simu. Kaka alipogundua, akaichukua akaifungia kabatini ili mtoto asiumie zaidi. Kwa hiyo sasa kila mtu aliweza kuona isipokuwa yeye, na wale marafiki wawili waliokuwa wakimtumia notsi za darasani wakakosa pa kumpata. Kisha kaka akaingia kwenye grupu kufuta. Alibonyeza "futa kwangu". Video ikaondoka machoni pake, akakaa na amani siku nne, akitutangazia kwamba ameshaifuta, na kwenye simu zetu iko palepale.

Nilipompigia mtoto kwa simu ya mama yake alisema, "Shikamoo, shangazi," akairudisha simu kwa mwenyewe. Huyu ni mtoto aliyekuwa akinisimulia hata ndoto zake. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia.

Mwenzangu wa kazini anaitwa Fausta, mwanamke mfupi mwenye maneno mafupi. Nilimweleza yote nikitegemea kufarijiwa. Akaniuliza kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningetuma picha zake kwa watu namna ile. Nikasema hapana.

"Sasa wa kwenu ndiyo hana haki?"

Akanikumbusha kwamba mganga hajigangi. Nisahau kabisa habari ya kumshauri Nyangeta mimi mwenyewe. Nina kazi moja tu, niende Bunda nikaombe msamaha, na nisijieleze.

Hapo pa kutojieleza ndipo pagumu. Nilimkuta chumbani anakunja nguo za wadogo zake. Nikamwambia nilimwahidi, nikavunja ahadi, nimemuumiza, anisamehe. Nikafunga mdomo. Nilikuwa na sababu nzuri tano zimejipanga kwenye ulimi, nikazimeza moja moja. Aliendelea kukunja nguo.

"Mimi siku hizi sijuagi nimwambie nani," akasema.

Nikamwambia kuna mtu anaitwa Fausta, na hayumo kwenye grupu la ukoo. Akacheka kidogo kwa pua.

Jumamosi tatu mfululizo alikuja Musoma kukaa na Fausta. Waliongea nini, sijui, na kutojua huko kulinitesa kuliko nilivyotarajia. Mimi, kaka na wifi tulikaa kwenye benchi la nje kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Jumamosi ya pili wazazi wakaitwa ndani. Kaka alitoka macho mekundu. Tukiwa njiani kwenda kula ndipo akaniambia alichosikia mle, kwamba mtoto haogopi tu kicheko cha wenzake, anaogopa sura ya baba yake akiitazama ile video.

"Na mimi niliiangalia mara sita," kaka akasema.

Simu ikatoka kabatini. Ushahidi wa kwenye grupu la wanafunzi ukahifadhiwa, na mtu mmoja tu, wifi yangu, akapewa kazi ya kuupeleka kwa mwalimu wa malezi. Wifi si msemaji, lakini alikwenda mara tatu mpaka mwalimu akaita darasa zima na wazazi wao. Kila hatua walimuuliza Nyangeta kwanza. Mara nyingine alisema hapana, wakaacha. Niliona jinsi kaka alivyokuwa anateseka kuacha.

Lakini yowe likishapigwa, watu lazima wakae. Jumamosi iliyopita tuliitwa Buswahili, nyumbani kwa mama yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, tukajibana sebuleni, wengine juu ya mikono ya makochi, wengine barazani wakisikilizia dirishani. Baba mdogo Manyama akafungua kwa sala. Aliyetengeneza stika alishajulikana, ni Suzi, rafiki wa Nyangeta wa darasa moja. Wazee walitaka wanaume kumi waende kwa wazazi wake, watoze mbuzi wawili, na Suzi aombe radhi mbele ya watu. Kijana mmoja akaongeza kwamba radhi hiyo irekodiwe. Nikamwona Suzi akiwa ndiye video inayofuata. Nikanyoosha mkono nitoe hotuba yangu ya mashuleni.

Nyangeta akanivuta kitenge, akasimama yeye.

Hakuwa amesimama mbele ya watu tangu mahafali. Aliishika mikono yake kwa nyuma. Alianza, akakwama. Akaanza upya.

"Babu zangu, shikamooni. Mimi mbuzi siwataki. Humu ndani karibu wote mna picha yangu kwenye simu. Naomba kila mtu anipe simu yake niifute mwenyewe, nikiona."

Kumpa mtoto simu yako si jambo dogo, wanaume wazima waliangaliana, na nina hakika zipo ndoa kadhaa zilizotetemeka pale sebuleni. Mjomba mmoja akasema yeye atafuta mwenyewe nyumbani. Nyangeta alibaki tu amesimama.

Baba mdogo Manyama akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu yake iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwaga nadhani ni ile ya kulia inayokujaga na simu. Sikujua ni wewe. Macho yenyewe haya." Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Futa. Ukikuta na nyingine ya mtoto wa mtu, futa na hiyo."

Mzee akishatoa, nani abaki nayo? Wakapanga foleni toka kochini hadi barazani. Nyangeta alikaa kwenye kigoda, anapokea simu, anaingia kwenye picha, anaingia kwenye stika, anafuta, anamwonyesha mwenyewe, anarudisha. Wengine hawakujua hata vitu hivyo vinakaa wapi, ikabidi awafundishe. Mjomba wa kufuta nyumbani alikuja wa kumi na tisa. Mama yangu naye akajipanga na kitochi chake. Nikamwambia mama, hiyo ya kwako haiingii picha. Akaniambia niondoke njiani. Nyangeta akaipokea, akabonyeza vitufe viwili kwa uso mkavu kabisa, akasema, "Iko safi, bibi." Nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikagundua kwamba nalia.

Wa mwisho alikuwa kaka. Alikuwa na hakika simu yake haina kitu. Nyangeta akaikuta video kwenye picha, mahali ambapo kaka hakuwahi kuingia. Akamwonyesha. Kaka akaishika ile simu muda mrefu. Kwetu baba hamwombi mtoto msamaha mbele ya wadogo zake na wazee wake, mimi sijawahi kuona kwa macho yangu toka nizaliwe.

"Nilitaka kukusaidia, nikakuanika," akasema. "Nisamehe, mama."

Nyangeta aliitikia kwa kichwa. Akafuta.

Najua kwamba hiyo si dunia nzima. Wapo zaidi ya mia wa ukoo ambao hawakuwepo, na simu za Bunda hazihesabiki. Nyangeta analijua hilo kuliko mimi. Jioni tukiwa jikoni, akimenya viazi, aliniambia kwamba hakutarajia ziishe. Alitaka kwanza watu wake wasiwe nazo. Thelathini na moja, alizihesabu.

Kwa akina Suzi hawakwenda wanaume kumi. Tulikwenda wifi na mimi, Jumapili mchana, bila habari za mbuzi. Mama yake anakaanga samaki na kuuza palepale nyumbani. Tulipomaliza kueleza akashika mwiko amrukie mtoto, wifi akamdaka mkono. Yule Suzi ni mtoto mdogo, mwembamba, sikumtarajia hivyo. Mwaka jana walikuwa wanamcheka yeye, meno yake. Alipoona kicheko kimehamia kwa mwingine akaona bora awe upande wa wanaocheka. Alisema yote hayo akiangalia sakafu, na mimi niliyekwenda na hasira nikajikuta namwambia mama yake kwamba Fausta ana nafasi Jumatano. Suzi akatuma salamu za msamaha. Nyangeta akajibu kwamba amesikia, lakini bado. Mimi ningependa wakumbatiane, nakiri, nami nipige na picha. Fausta anasema "bado" ni jibu zuri tu.

Jumatatu alirudi shuleni.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Jumatano mvulana mmoja alimwimbia yale maneno mlangoni mwa darasa. Wasichana wawili wakamnyamazisha, wengine wakacheka. Nyangeta alirudi nyumbani, akala, na wakati wa kuosha vyombo akamsimulia mama yake mwenyewe, bila kuulizwa tumbo. Kaka alikuwa sebuleni anasikia. Wifi anasema aliinuka, akakaa, akainuka tena, akaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alhamisi mtoto akavaa sare akaenda. Mtihani wa kumaliza mwaka uko wiki mbili mbele, na hesabu na kemia ziko nyuma sana, lakini hayo ni matatizo ya mwanafunzi, nayafurahia.

Nilitaka kuyaweka haya kwenye blogu tangu Jumatatu. Nikajizuia. Leo baada ya misa nilimpigia, nikamwambia nina kitu nimeandika kwenye daftari, na kitaenda kwenye blogu ikiwa yeye atakubali tu. Akasema nimsomee. Nikamsomea yote, taratibu, mvua ikipiga bati. Jina akataka libadilishwe, akalichagua mwenyewe hilo la Nyangeta, na majina mengine ya nyumbani tukayachagua pamoja. Aya mbili akazikataa. Moja ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilianza kumweleza kwa nini inafaa ibaki, nikajisikia sauti yangu, nikanyamaza. Nimezikata zote mbili akiwa bado hewani.

Nikamshukuru, nikajiandaa kukata simu. Yeye hakukata. Akauliza kama nina haraka. Nikamwambia sina. Basi, bila mimi kumuuliza kitu, akaanza kunisimulia jambo lake jingine kabisa, la tangu mwaka jana, na tumeongea mpaka mvua ikakatika.

Hilo siliandiki.